Mmea Uliokaa Eda

Kikwajuni, Unguja
Mfungo Pili

Dada yangu mpenzi Riyama,

Shikamoo. Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na shemeji, na huyo mgeni wetu Suhail ambaye mpaka leo nambusu kwenye kioo cha simu. Je, analala? Maziwa yanamtosha? Na kiuno chako, kimepoa au bado unakaa kwa kujishikilia? Nimesikia umeshatoka arobaini, alhamdulillahi. Sisi huku hatujambo, na nikisema hatujambo nna maana tunapumua, na paa linavuja pale pale linapovuja kila masika. Mengine nimeyaweka humu ndani.

Usishangae kuletewa barua ya mkono zama hizi. Bi Kulsumbai wa duka la vitambaa anakuja huko Maskati kumtazama mwanawe, nikambembeleza aichukue. Kwenye simu siwezi kuyasema haya. Nikikupigia, Mama yuko ubavuni mwangu. Nikikutumia sauti, wewe unaifungulia sebuleni mbele ya mawifi zako. Haya ni ya kusoma peke yako, mtoto akishalala, na ukae kitako kabisa.

Nianze na Mama. Kila siku unaniuliza kama anakula, na kila siku nakujibu anakula kidogo kidogo. Dada, nlikuwa nakudanganya. Tangu siku ya hitma ya Baba, ulipopiga simu ukamuuliza Baba alikuwa na nani alipokata roho, Mama hakula chakula cha kumshibisha hata paka. Wewe hukujibiwa, ukadhani mtandao umekatika. Mtandao haukukatika. Aliiweka simu juu ya mkeka, wewe unaita haloo, haloo, yeye anaitazama tu, mpaka mie nikaja kuizima. Sikulaumu hata chembe. Ulikuwa mbali, una kichanga mkononi, umefiwa na baba yako, na mtu akifiwa huuliza. Lakini mie ni mdogo wako, na leo nakwambia kwa heshima zote kwamba swali lile lilimwingia Mama likakaa.

Nimempikia kila kitu anachokipenda. Majirani nao hawakuisha mlangoni, huyu na supu, huyu na mkate wa kumimina, Bi Kulsumbai na sinia la biriani ambalo ungelidhani tuna harusi. Mama akiwekewa, anasema Bismillahi, anatia tonge moja, analizungusha mdomoni, anashukuru, basi. Mie ndiye nliyekuwa nayamaliza masinia ili watu wasione yamerudi yamejaa. Ukiniona sasa utanicheka, baibui langu la Idi halifungi. Yeye kanga inamzunguka mpaka inatafuta pa kuishia. Daktari alikuja nyumbani, akasema hana ugonjwa, ana huzuni, akaandika vidonge vya kutia hamu ya kula. Hamu haikuja. Nliogopa, dada. Nliogopa kwamba tutasoma hitma nyengine kabla eda haijaisha.

Sasa nikwambie habari za Mmadagaska, maana bila yeye hutafahamu kilichotokea. Unamkumbuka, ule mmea wa Baba aliopewa Kizimbani na yule mtaalamu wa vanila kutoka Madagaska, Baba akiwa bado kazini kwenye mashamba ya serikali. Wewe ulikuwa umeshaolewa, ukija likizo unampita mbali uani kama unapita mbwa. Majani marefu, kila jani limetoa mkia, na kwenye ncha ya mkia linaning'inia gudulia dogo la manjano lenye wekundu, lina mdomo na lina kifuniko. Ndani mna maji, na maji hayo ni yake mwenyewe, yamo hata kabla kifuniko hakijafunuka. Nzi anaufuata utamu uliopo mdomoni, anateleza, anazama, na maji yanamla polepole mpaka yanabaki mabawa.

Mie ndiye niliyekaa naye miaka yote hiyo, kwa hivyo mie ndiye niliyejazwa hadithi zake. Baba alinambia kwamba alikotoka yule, mchanga ni mweupe mtupu, hauna kitu cha kumpa mmea. Mimea myengine huko inadumaa na kufa. Huyu akajifunza kukamata chakula kinachopita hewani. Alinionesha sisimizi siku ya jua, wanalamba mdomo wa gudulia na kuondoka salama, akanambia niwatazame vizuri, hao wanakwenda kuwaita wenzao. Mvua iliponyesha mdomo ukalowa, ukateleza, na wale wote walioitwa wakaingia kwa pamoja. Nlikuwa msichana mkubwa lakini dada, nlisisimka mwili. Halafu Baba huyo huyo akafunua kifuniko kwa kidole akanionesha viluwiluwi vya mbu vinaogelea mle mle ndani ya maji yanayoua, haviliwi, vinamsagia mabaki ya chakula chake. Akanambia nchini kwao wako pia buibui wanaoishi mdomoni humo humo maisha yao yote wasiguswe. Na kwamba katika misitu ya mbali yuko jamaa yake mmoja aliyeacha kutegemea wadudu. Analaza popo ndani ya gudulia lake mchana kutwa, na popo analipa kwa choo. Mama aliposikia hilo alimwambia Baba aache kumfanya yeye mtoto mdogo wa kudanganywa.

Maana Mama alimchukia Mmadagaska tangu siku ya kwanza. Baba alikuja naye kutoka Kizimbani kampakata miguuni kama bibi harusi, na Mama akauliza mbele ya watu kama ndiye mke wa pili au wa tatu. Jina likaganda. Mke mwenzangu kanywa maji leo? Mke mwenzangu kala nzi wangapi? Baba akimsafisha majani, Mama anasema mbona mie hunipangusi. Ulikuwa mchezo wao. Baba akasema kila mmea wa namna ile ama ni dume ama ni jike, na mpaka utoe maua huwezi kujua, na Mama akamjibu kwamba yeye hahitaji kungojea maua, mwanamke mwenzake anamjua.

Basi Baba alipozikwa na Mama akaingia chumbani kukaa eda, aliniita akanambia niende uani nikamlete mke mwenzake. Nlidhani anatania. Akasema mume akifa wake wote wanakaa eda, hajapata kusikia mke mkubwa yuko ndani na mdogo yuko nje anapigwa na upepo. Alikuwa anatabasamu, dada, na mie kwa furaha ya kuliona tabasamu lile nikakibeba chungu chote nikakiweka pembeni mwa kitanda, dirisha limefungwa, pazia limeshuka. Wanawake waliokuja kumpa mkono Mama walikuta vizuka wawili chumbani, wajane wa mume mmoja. Wengine walicheka, wengine walikwenda kukaa upande wa pili wa mkeka.

Baadaye likaja lile swali lako kwenye simu, na mzaha ukaisha, lakini mmea ulibaki chumbani. Magudulia yakaanza kuwa meusi, moja baada ya jengine, yananyauka kuanzia kifunikoni. Mama alikuwa analala ubavu akimtazama. Nikamwambia Mmadagaska anataka mwanga, nimtoe. Akakataa. Akasema eda ya mke mwenzake haijaisha, na hatotoka kabla yake yeye. Hapo hakuwa anatania tena. Aliposema vile nikaona kwamba wale wawili wanakwenda pamoja, na mmoja akishika njia hatakaa mwengine nyuma.

Nikapanda gari nikaenda Kizimbani kumtafuta Miraji, yule aliyefanya kazi chini ya Baba tangu ujana wake. Alikuja siku ya pili yake. Kwa kuwa Mama yuko eda, alikaa ukumbini, Mama nyuma ya pazia la chumba, na mie katikati na chungu. Akaamkia, akaitikiwa. Akautazama mmea kwa uchungu, akasema kwanza huyu anakosa mwanga. Pili, anywe maji ya mvua tu, asinywe mengine, kwa sababu maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mawe, yana chokaa na chumvi, na yeye hastahimili kitu chochote kilichomo ndani ya maji. Na mbolea pia ni mwiko. Akasema ukimlisha mizizini akashiba, anaacha kuota magudulia, anatoa majani matupu. Kile kinachomfanya afungue mdomo ni njaa yake. Nikayakumbuka masinia yangu nikainama chini.

Mama akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba ameshukuru, lakini mke mwenzake atatoka eda itakapokwisha.  Miraji akakigeuza chungu, akakishika kile kijiti kikavu cha maua kilichosimama juu kabisa, akanieleza kwamba maua ya huyu hutoka mbali na midomo yake ili nyuki wanaomhudumia wasije wakaliwa. Akakitazama sana. Halafu akasema kwa sauti ya kusikitika kwamba anaomba radhi kwa Mama, kwa Bi Mwatum, lakini huyu si jike. Huyu ni dume, hana shaka hata kidogo.

 Mama akauliza, polepole, kama Miraji ana hakika. Miraji akasema ana hakika. Mama akaniamrisha nimtoe nje saa ile ile, na nilipokuwa nakinyanyua chungu nikamsikia anasema peke yake kwamba siku zote hizi amekaa kichwa wazi mbele ya mwanamme, tena edani. Miraji aliaga akiwa amegeukia ukuta na mabega yanamtikisika. Mpaka leo sijui kama alisema kweli, na sitaki kumuuliza.

Kwa hivyo Mmadagaska akarudi uani, chini ya mchirizi wa paa, mvua inamnyeshea. Nikatarajia atachipuka. Wapi. Magudulia yaliyokuwa mazima yakazidi kuoza, na yalikuwa yanaozea ndani. Nikadhani mvua ina ubaya, nikadhani ni panya. Na Mama alikuwa vile vile na tonge lake moja.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alfajiri, nilikwenda uani kuanika. Nikamkuta Mama. Alikuwa kapiga magoti mbele ya chungu, kashika chupa ya Zamzam aliyorudi nayo Hija, na kijiko cha chai. Anafunua kifuniko cha gudulia kwa kidole, kama Baba alivyokuwa akifanya, anatia kijiko kimoja, anatamka shahada taratibu, anangojea kidogo, anahamia jengine. Nikasimama na ndoo yangu ya nguo. Unajua wewe ladha ya maji yale, yana uzito wake na chumvi yake. Nikayakumbuka maneno ya Miraji. Lakini ni ulimi gani wa Muislamu utakaomwambia mama yake kwamba Zamzam inaharibu kitu? Wangu haukuweza. Nilimuuliza tu kwa nini.

Akanijibu bila kugeuka. Akasema chupa ile waliiweka tangu walipotoka Hija, kwa yeyote kati yao atakayetangulia, aliyebaki amtie mwenziwe mdomoni. Ile asubuhi hospitali, Baba alimwambia nafsi yake inayataka maji yale. Akatoka mbio kuja nyumbani kuyachukua. Ufunguo wa kabati haukuonekana, akahangaika nao, akaupata, akarudi na chupa kifuani. Alipofika, Baba alikuwa ameshafunikwa. Akasema wewe ulipomuuliza Baba alikuwa na nani, hakuwa na jibu, kwa sababu yeye, mkewe wa umri wote, hakuwepo. Mumewe alimuomba maji na amekufa na kiu. Akasema midomo hii ya magudulia ni ile Baba aliyokuwa akiipenda, na iko wazi, na wa Baba mwenyewe aliukuta umefungwa. Dada, nilitua ndoo chini.

Hapa nataka uvute pumzi, kwa sababu linalofuata nimemficha Mama na nimekuficha wewe, na nlikuwa nimeahidi kulificha mpaka nife.

Baba hakuwa na kiu. Alimtuma makusudi. Mama alipokwisha kutoka, Baba aliushika mkono wangu akanambia kwamba saa yake imekaribia, anaijua, na hataki Mama aione. Akanikumbusha Bibi alivyokata roho mikononi mwa Mama, na Mama alivyokuwa mwaka mzima hawezi kulala peke yake wala kupita kile chumba. Mie nlikuwa mdogo, wewe unakumbuka zaidi. Siku zile Mama alimwambia Baba kwamba hataki tena kumuona mtu wake akiondoka, hatoliweza mara ya pili. Baba alilihifadhi neno lile miaka yote hiyo. Akanambia mwache mama yako atembee, akiwa njiani atakuwa na kazi ya kufanya na atakuwa na tamaa moyoni. Akanishika ahadi nisimwambie kamwe, kwa sababu akijua amehadaiwa hatomsamehe mpaka Kiyama. Alisema hilo na akacheka kidogo, cheko lake lile la puani. Nilimlowesha midomo kwa pamba na maji ya chupa ya kawaida. Nilimtamkisha shahada, akaitamka. Aliondoka kwa upole, dada, mkono wake umo mkononi mwangu. Hakuwa peke yake hata kidogo.

Kwa hivyo siku ile ulipouliza, jibu lako nlikuwa nalo mie. Niliizima simu nikiwa nalo mdomoni. Nilijiambia kwamba ahadi ya maiti haivunjwi, na nikamtazama Mama akikonda kwa ajili ya ahadi hiyo. Asubuhi ile uani niliivunja. Nilimwambia yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, na Mungu atanihukumu kwa rehema yake.

Nlitarajia atalia. Hakulia. Alikasirika, dada, hasira ambayo sijaiona tangu Baba aliponunua vespa kwa siri. Alisimama na kijiko mkononi akawa anamsema kama yupo bafuni anamsikia. Kwamba ndivyo alivyo, ndivyo alivyokuwa siku zote, anamuamulia mambo yake kisha anajifanya mpole. Kwamba alimpeleka kung'oa jino kwa kumwambia wanakwenda harusini. Kwamba maneno ya miaka ile yalikuwa ya mtoto aliyefiwa na mama yake, nani alimwambia ayashike mpaka leo? Angekaa naye. Angeliweza. Hata akitetemeka angekaa. Mpaka siku ya kufa kwake anamdanganya, na yeye kama mjinga anakimbia barabarani na chupa. Halafu akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akafunika uso kwa kanga, na hapo ndipo alipolia, kilio cha mtu aliyependwa sana na hakuulizwa. Nikakaa chini, nikakiweka kichwa changu miguuni kwake, tukalia sote.

Alipojifuta, akaniuliza jikoni kuna nini. Nilikuwa sijafahamu anachouliza. Akarudia, kwa ukali. Nikamwambia muna muhogo wa nazi wa jana, nitaupasha moto. Akasema hakuuliza habari ya moto. Nikamletea sufuria lenyewe. Alikula kwa mkono, dada, tonge baada ya tonge, na katikati ya matonge anaendelea kumsema Baba, na kunisema mie kwamba muhogo hauna chumvi na tui nimelikamua vibaya. Nikasimama mlangoni nimempa mgongo ili asinione uso.

Tangu siku ile anakula. Bado kwa hasira, lakini anakula. Zamzam iliyobaki ameirudisha kabatini, anasema ni yake, na safari hii hakuna wa kumtuma. Mmadagaska nimemwaga maji yake yote nimemwachia mvua; Miraji anasema haahidi kitu.

Jana nilimuomba Mama ruhusa nikuandikie. Nilimuuliza nikujibu nini kwa lile swali lako. Alifikiri, akanambia niandike kama anavyosema yeye, nisitie maneno yangu. Naandika: Baba yako alikuwa na Fathiya, kamshika mkono, na mie nlikuwa njiani namletea maji. Usiniulize tena kwenye simu. Njoo na mjukuu wangu, uniulize nikiwa nimempakata. Mie nshakula, nna nguvu za kukujibu.

Nasimamia hapa, Bi Kulsumbai yuko mlangoni na mabegi yake na anasema ndege haimngojei mtu. Msalimie shemeji, wasalimie mawifi, na umnong'oneze Suhail kwamba huku kuna watu wawili wanaotaka kugombana nani ambebe mwanzo. Mama anakusalimu na anakuombea dua. Nami nakupenda, na kama kuna neno hapo juu limekuchoma, nisamehe.

Ni mie mdogo wako,
Fathiya